Kaimu Mbwa wa Nyumba ya Bi Nyamizi

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu kila anayeitaja huombwa kwanza aeleze anaitaja kwa nia gani, watu wote hula milo mitatu kwa siku. Jambo hili limeandikwa kwenye Katiba, ibara ya nne, na tangu liandikwe hakuna aliyewahi kulalamika kwa maandishi. Kiongozi wetu anaitwa Mlishi Mkuu. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa unyenyekevu, baada ya kukataa majina mengine sita makubwa zaidi ambayo pia alikuwa ameyapendekeza mwenyewe.

Naanza na haya ili ieleweke kwamba suala la mbwa kukaa karibu na familia inapokula halikuzuka hivi hivi. Lilizuka Siku ya Shibe, ambayo ndiyo sikukuu yetu kubwa. Siku hiyo Mlishi Mkuu hula chakula cha mchana katikati ya uwanja wa mpira, wananchi elfu ishirini wakimtazama kimya, na sisi wengine tukimtazama kwenye televisheni. Mwaka ule alikuwa na mbwa wake mweupe, mrefu, zawadi kutoka nchi moja ya baridi, ameketi kando ya meza. Mlishi Mkuu alikata kipande cha nyama, akakiinua ili kamera zikione vizuri, akamrushia mbwa, akasema:

"Kwangu mimi hata mnyama hushiba!"

Mbwa alikinusa kile kipande. Akamtazama Mlishi Mkuu. Akakinusa tena. Kisha akanyanyuka taratibu, akaenda kulala chini ya kiti cha balozi wa nchi jirani.

Umeme ulikatika nchi nzima baada ya dakika moja, kwa sababu za kiufundi. Lakini dakika moja ni ndefu. Kule uwanjani kulikuwa na mtu aliyecheka, na kwa kuwa hakujitokeza, jukwaa lake lote lilialikwa. Sisi hatukamati watu. Tunawaalika kwa mazungumzo, na mazungumzo yakinoga mwalikwa huchelewa kurudi.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Ukaribu wa Mbwa na Mlo, yenye wajumbe arobaini na mmoja. Ilikaa miezi minane, ikatembelea nchi tisa zenye hoteli nzuri, na mwisho Waziri wa Mlo na Nidhamu ya Mezani akatusomea matokeo.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "mbwa anapokaa karibu na chakula, anaona. Anaona nani kapewa nini. Sufuria likifunguliwa anaona kilichomo, na kisichokuwamo anakiona vilevile! Je, ameapishwa? Hajaapishwa. Ana kitambulisho? Hana. Ndugu zangu, tumefuga mashahidi chini ya meza zetu kwa muda mrefu mno!"

Tulipiga makofi kwa dakika kumi na moja, kama ilivyoelekezwa kwenye kadi za mwaliko.

Ndipo ikatoka Sheria ya Umbali: wakati wa mlo, mbwa akae hatua kumi na mbili kutoka mahali familia inapokula. Ili watu wasibishane juu ya urefu wa hatua, ilipimwa hatua ya Waziri mwenyewe. Waziri wetu ni mfupi. Vipimo vilipoletwa vilionekana kumvunjia heshima, kwa hiyo vikazidishwa mara mbili.

* * *

Jirani yangu Ngusa ni fundi viatu. Anaishi na mkewe Kabula, pamoja na mama yake mzazi, Bi Nyamizi, ambaye macho yake yalizimika zamani. Nyumba yangu na yao zinagawana ukuta mmoja wa mbao, hivyo yanayosemwa kwao nayasikia bila kukusudia. Nisipoyasikia vizuri husogea karibu na ukuta, bila kukusudia vilevile.

Walikuwa na mbwa wa rangi ya majivu aliyeitwa Hayawahusu. Jina hilo alipewa na Magesa, mdogo wake Ngusa, kama ujumbe kwa majirani wanaopenda kufuatilia mambo ya watu. Sikuwahi kujua alikuwa anamsema nani.

Magesa alikuwa dereva wa gari la maji. Siku moja kwenye mkutano wa hadhara, ofisa aliposoma takwimu za milo mitatu, Magesa alinyoosha mkono akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, mheshimiwa. Hiyo milo inaliwa wapi, na sisi tuje?" Watu walicheka. Siku tatu baadaye, saa saba mchana, wakaja wanaume wawili waliovaa vizuri kumwalika kwa mazungumzo ya dakika kumi. Alikuwa anakula. Akanawa mkono, akamwambia mbwa, "Kaa hapo hapo, narudi." Akamwambia mama yake, "Mama, sahani yangu msiiondoe." Hiyo ni miaka sita iliyopita. Bila shaka wanazungumza mambo mazito.

Mbwa alikaa. Kila chakula kilipotengwa alikuja akajilaza pale pale, pembeni ya Bi Nyamizi. Bi Nyamizi alinyoosha mguu akampapasa mgongo kwa unyayo, akamega tonge la kwanza akalidondosha chini, na ndipo akaanza kula yeye. "Mwenye mbwa yuko njiani," alisema kila siku, na kila siku hakuna aliyemjibu.

Sheria ya Umbali ilipotoka, Ngusa alitii. Uani kwao huwezi kupiga hatua hata tano bila kugonga ukuta wa mtu, na hatua za Waziri zilimpeleka mbwa mpaka barabara kuu. Huko Ngusa alikuta mbwa wa mtaa mzima wamefungwa kwenye nguzo za umeme, wa kwangu akiwamo, wote wakitazama walikotoka.

Mchana ule Bi Nyamizi alinyoosha mguu, hakugusa kitu.

"Mbwa yuko wapi?"

"Yuko barabarani, mama," alisema Ngusa. "Ni sheria."

"Sheria gani ya kumtoa mbwa mahali alipoambiwa akae?"

"Ya umbali, mama. Wewe kula tu, baada ya chakula nitamrudisha."

"Sina njaa," alisema Bi Nyamizi.

Walidhani ni hasira na kwamba zitapoa. Hazikupoa. Asubuhi alikunywa chai mafunda mawili, mchana akasukuma sahani, jioni akasema ameshalala. Wiki ya tatu nilimsikia Kabula akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, ambayo ilinilazimu kuweka sikio kwenye ubao.

"Ngusa, mama anakwisha. Leo nimemwogesha. Mgongo wake wote ni mifupa."

"Unataka nifanye nini? Nimrudishe mbwa waje kutuchukua sote?"

"Kaombe ruhusa. Nimesikia kuna fomu."

Ni kweli fomu ilikuwapo. Serikali yetu ina huruma sana. Haijawahi kutunga sheria bila kuitungia fomu ya kuomba isikuguse.

* * *

Ofisa Umbali wa kata yetu aliitwa Bwana Sengondo, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliyemwita kila mwananchi mpendwa. Ngusa alimkuta mezani. Mbwa, ambaye alikuja naye, aliachwa nje kwa mlinzi, umbali unaotakiwa, kwa sababu Bwana Sengondo alikuwa anakula karanga.

"Jina la mbwa?" aliuliza Bwana Sengondo.

"Hayawahusu."

Kalamu ikasimama. "Nimekuuliza jina la mbwa, mpendwa."

"Hayawahusu, mheshimiwa."

"Ngusa, mimi ni mtumishi wa serikali. Hakuna kisichonihusu."

"Ndilo jina lake, mheshimiwa. Aliitwa hivyo tangu mdogo."

Bwana Sengondo alimwagiza mlinzi amwite mbwa kwa jina hilo. Mbwa akatikisa mkia. Jina likaandikwa, kwa herufi ndogo.

"Mmiliki?"

"Mdogo wangu. Magesa."

"Aje asaini."

"Hayupo, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

Ngusa aliangalia sakafu. "Mlimwalika. Miaka sita iliyopita."

"Basi si tatizo kabisa," alisema Bwana Sengondo kwa furaha, akavuta daftari la waalikwa, akalamba kidole, akafunua kurasa moja moja. "Hayumo." Akavuta daftari la wakazi. "Humu pia hayumo." Akanyanyuka mwenyewe kwenda kabatini, akarudi na daftari la vizazi, akalipangusa vumbi. Alisoma kwa muda mrefu, kisha akalifunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Unaliona tatizo lako, mpendwa? Umeniletea mbwa wa mtu ambaye hakuzaliwa."

"Mheshimiwa, tumelala tumbo moja!"

"Hayo ni yako na mama yako. Mimi naongozwa na daftari."

"Alikuwa anawaletea maji hapa hapa ofisini. Kila Jumatatu. Wewe mwenyewe ulikuwa unamfungulia geti!"

"Maji tuliyapokea," alikubali Bwana Sengondo. "Siwezi kukataa. Yamo kwenye daftari la maji."

Kwa kuwa mmiliki hakuwahi kuwapo, mbwa akawa hana mmiliki, na mbwa asiye na mmiliki ni mali ya taifa. Alipokelewa saa ile ile. Ngusa alirudi nyumbani na kamba tu. Kamba walimrudishia, kwa sababu mwenye kamba alikuwapo.

"Wamembakiza kidogo, mama," alisema alipofika. "Wanampima afya."

Bi Nyamizi hakuuliza ni kwa siku ngapi. Alijilaza akageukia ukutani, upande wangu, na kwa saa nzima nilisikia pumzi zake.

Kabla mwezi haujaisha, mbwa wote wa mji wakakusanywa. Ilikuwa imegundulika kwamba wakati wa chakula cha mchana walikaa barabarani kwa mamia wakielekea upande mmoja na kubweka, jambo ambalo kisheria ni maandamano. Wa kwangu nilimpeleka mwenyewe, kwa hiari, nikapigwa picha.

* * *

Mambo yangeishia hapo kama si gazeti moja la nje. Liliandika kwamba mwandishi wao alipita katika nchi yetu nzima bila kuona mbwa hata mmoja karibu na watu wanaokula, na kwamba taifa likifika mahali ambapo mbwa hana cha kungojea mezani, lina njaa.

Waziri alilihutubia taifa siku hiyo hiyo.

"Hatukuwahi kusema mbwa akae mbali," alisema. "Tulisema kumi na mbili. Kwamba ni hatua, hayo yameongezwa na maadui. Mbwa aliye karibu na meza, ndugu wananchi, ni uthibitisho kwamba kuna mabaki, na penye mabaki pana shibe! Kuanzia Jumatatu, kila familia itakuwa na mbwa ndani ya hatua mbili, katika kila mlo, milo yote mitatu!"

Safari hii makofi yalikuwa ya dakika kumi na nne.

Ugumu ulikuwa mmoja: mbwa hawakuwapo. Mtu mmoja wa redio alimuuliza Waziri walipo, naye akasema wako mahali pazuri na hawasikii baridi. Miezi ile askari wa kambi ya pale jirani walikuwa wanapata nyama kila Ijumaa, lakini mimi si mtu wa kuunganisha mambo. Kuna idara yake.

Serikali haikukwama. Ilikuwa na watumishi wengi wasio na viti, basi ikawaandikia barua za uteuzi. Jumatatu mchana nilisikia hodi kwa Ngusa.

"Hodi wenyeji."

"Karibu," alisema Kabula. "Tukusaidie nini, baba?"

"Naitwa Mwalimu Lwidiko. Mimi ndiye... nimeletwa kwenu. Barua hii hapa."

Kabula aliisoma kwa sauti, polepole. Umeteuliwa kuwa Kaimu Mbwa, Daraja la Tatu, katika nyumba ya Ngusa, mpaka atakapopatikana mbwa kamili. Akairudisha kwa mikono miwili, kama anavyorudisha chombo cha watu.

Lwidiko alikuwa na miaka hamsini na tatu, shati limepigwa pasi, mvi zimechanwa upande. Alikuwa amefundisha jiografia mpaka somo hilo lilipofutwa kwa kosa la kuonyesha nchi nyingine. Kwa kanuni, Kaimu Mbwa haketi kwenye kiti. Hukaa chini, ndani ya hatua mbili, na familia inatakiwa imbakizie robo ya chakula. Baada ya mlo anaandika ripoti ya yaliyoliwa na yaliyosemwa. Lwidiko alitandika gunia lake sakafuni, akaketi akiangalia pembeni, maana hakutaka kuonekana anatazama chakula cha watu.

Bi Nyamizi alikuwa amekalishwa mkekani ingawa hakuwa anakula. Aliusogeza mguu wake kwa mazoea. Ukagusa kiatu.

"Nani huyu?"

Kiatu kikavutwa nyuma.

"Nimeuliza nani huyu hapa chini."

"Ni mimi, mama," alisema Lwidiko. "Kaimu Mbwa."

"Kaimu nani?"

"Mbwa, mama."

Bi Nyamizi aliurudisha mguu. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na Kabula akaja kumpiga mgongoni, naye Kabula akawa anacheka na kulia, na mwisho nikamsikia Lwidiko mwenyewe amejiunga nao, kwa sauti ya mtu aliyesahau inavyofanywa.

"Unakaimu mpaka lini, baba?" aliuliza Bi Nyamizi alipopata pumzi.

"Mpaka mwenyewe apatikane."

"Basi tunangoja pamoja. Kabula, nipe tonge. Moja tu."

Tangu siku hiyo akawa anakula kidogo kidogo. Alimsimulia Lwidiko habari za Magesa: alivyojifunza kutembea kwa kushika mkia wa mbuzi, alivyoendesha gari la maji kwa kuimba, alivyokuwa hapendi vitunguu. Alimmegea tonge akamwambia, "Nyoosha mkono, usione haya. Mbwa wetu hakuwa na haya." Lwidiko naye alimweleza mito ya dunia inavyokimbilia baharini. Ripoti zake, aliwahi kuwasomea, zilikuwa zote sawasawa: familia imekula, familia imenawa, hakuna lililosemwa.

Mchana mmoja Bi Nyamizi alimuuliza, "Mwalimu, hizo ripoti husomwa na nani?"

"Na wakubwa, mama."

"Wakubwa wenyewe?"

"Nadhani hivyo."

"Basi niandikie swali langu humo. Andika: Magesa yuko wapi? Usiongeze neno."

"Mama, acha!" alisema Ngusa. "Mwalimu, tafadhali, usiandike. Mama amechoka."

"Sijachoka. Kwani nimetukana mtu? Mwanangu aliitwa, nauliza alipo."

Nilingoja nisikie Lwidiko atasema nini.

"Ngusa," alisema, "nimeandika ripoti mia moja na themanini. Hakuna hata moja ambayo ningeweza kumwonyesha mwanafunzi wangu." Nikasikia kalamu ikiandika. Haikuchukua muda, ni maneno matatu tu.

Kesho yake hakuja. Alikuja mama mmoja mnene wa makamo, na kijiko chake mwenyewe mkobani, akaketi chini bila kusalimu.

"Mwalimu Lwidiko anaumwa?" aliuliza Kabula.

"Simjui mtu huyo," alisema yule mama. "Mimi ndiye ninayekuja hapa tangu Jumatatu ya kwanza."

Hakusema neno jingine siku ile, wala siku zilizofuata. Bi Nyamizi akaacha tena kula.

* * *

Bwana Sengondo alikuja mwenyewe wiki iliyofuata. Alimkuta Ngusa kwenye kibanda chake cha viatu mbele ya nyumba. Mimi nilikuwa nafagia upande wangu, sehemu ambayo ilikuwa imeshafagiliwa.

"Nimekuletea suluhisho, mpendwa," alisema, akatoa karatasi. "Kuna swali limeingia kwenye kumbukumbu za serikali kutoka nyumba hii. Swali likishaingia lazima lijibiwe au lifutwe. Kulijibu hatuwezi, kwa sababu umeona mwenyewe madaftari yanavyosema. Tulifute."

Ngusa alisoma. Mimi Nyamizi, nikiwa na akili timamu, natamka kwamba nimezaa mtoto mmoja tu, Ngusa, na kwamba jina Magesa nililitunga mwenyewe kwa sababu ya uzee.

"Hii mnataka aweke dole gumba?"

"Dole moja tu. Swali haliwezi kuulizwa kuhusu mtu aliyetungwa. Na nyinyi mnabaki salama."

"Asipoweka?"

"Tutakualika wewe, mpendwa. Dakika kumi." Bwana Sengondo aliokota kiatu cha mtoto kwenye rundo, akakigeuza, akakirudisha vizuri pale kilipokuwa. "Unashona vizuri. Nitapita kesho wakati wa chakula."

Jioni ile walibishana kwa minong'ono.

"Mwambie ukweli," alisema Kabula. "Ni mwanawe. Aamue mwenyewe."

"Nikimwambia hataweka. Unamjua mama."

"Basi asiweke!"

"Na mimi nikienda? Utamlisha nini? Utakula nini wewe? Watakuja tena na karatasi ile ile, safari hii kwako."

Nilimsikia Kabula akikusanya vyombo. Kisha akauliza, "Utamwambia ni karatasi ya nini?"



Kesho yake mchana chakula kilitengwa. Yule mama wa kijiko alikuwa ameketi mahali pake. Bwana Sengondo alisimama mlangoni, amevua kofia, kimya kabisa. Ubao wa ukuta wetu una ufa, na siku hiyo niliona kila kitu. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Ngusa alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, kuna karatasi nimepata. Ya kumwomba mbwa arudi. Inahitaji dole lako."

Bi Nyamizi aliinua uso. "Wamekubali?"

"Wamekubali kupokea ombi."

"Nisomee."

Ngusa aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akasoma yasiyokuwamo. "Mimi Nyamizi, mama mzazi wa Magesa, naomba serikali inirudishie mbwa wa mwanangu, aitwaye Hayawahusu, mwenye rangi ya majivu. Nitashukuru."

"Umeandika vizuri," alisema Bi Nyamizi. "Lakini mbona umeomba mbwa peke yake? Ongeza na mwenye mbwa. Si karatasi ni moja? Andika, naomba kurudishiwa mbwa na mwenye mbwa. Na useme Magesa ana kovu juu ya jicho la kushoto, wasije wakaniletea mtoto wa mwenzangu."

Ngusa alimtazama Bwana Sengondo. Bwana Sengondo akatikisa kichwa kidogo, kumruhusu. Ngusa akachukua kalamu, akaigeuza kichwa chini, akaikwaruza juu ya karatasi ili isikike.

"Umeandika jicho la kushoto?"

"La kushoto, mama."

"Soma tena."

Akasoma tena yote, na mbwa, na mwenye mbwa, na kovu. Kabula alitoka nje kwa mlango wa uani. Ngusa akakishika kidole gumba cha mama yake, akakibonyeza kwenye wino, kisha akakibonyeza chini ya yale maneno mengine. Bwana Sengondo alisogea, akaichukua karatasi, akaipuliza ikauke.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Ni ofisa, mama. Amekuja kuichukua mwenyewe."

Bi Nyamizi alinyoosha mkono hewani mpaka ukaupata mkono wa Bwana Sengondo, akaushika. "Mungu akubariki, mwanangu. Na wewe akurudishie wako."

"Asante, mama," alisema Bwana Sengondo. Aliikunja karatasi mara mbili, akaenda zake.

Kabula alirudi ndani, macho mekundu, akaketi.

"Itachukua siku ngapi?" aliuliza Bi Nyamizi.

Ngusa alinyanyuka akatoka nje.

"Siku chache, mama," alisema Kabula.

"Basi nipe chakula. Sitaki wanikute siwezi hata kusimama."

Alikula. Alikula kama sijawahi kumsikia akila katika miaka yote sita, akasifu maharage, akaomba aongezewe. Kabula akamwongezea ya kwake. Akaomba tena, na Kabula akampa sahani ya Ngusa. Yule mama wa kijiko aliandika kwenye ripoti yake kwamba hakukuwa na mabaki kwa sababu ya hamu kubwa ya chakula, na taarifa hiyo ilisomwa redioni Jumapili kama mfano kwa familia nyingine.

Ngusa alikuwa ameshatoka. Alikaa kibandani, akaweka kiatu juu ya chuma, akaanza kugongelea msumari kwenye soli. Nilimtazama kutoka uani kwangu. Msumari uliingia wote kwa pigo la tatu, naye akaendelea kugonga.